Hotuba ya Mwenyekiti: Picha Tulizochora Chini ya Mwembe

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu Mtendaji wa Kata, Bibi Maendeleo wetu, viongozi wetu wa dini, ndugu zetu wa vikundi jirani mliotoka Lugoba, Kiwangwa na Mandera, akina baba mliokubali leo kukaa viti vya nyuma, na ninyi wanachama wenzangu.

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Wapo wenzetu wawili tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Naomba tusimame kimya kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Kamati ya sherehe imenipa kichwa cha habari cha kuzungumzia, nacho ni jinsi mawazo mazuri na shukrani vinavyojenga maisha ya mtu. Nilipokisoma nilicheka. Nikamuuliza katibu, jamani, mimi wa darasa la saba niseme nini juu ya mawazo? Akaniambia, mama, siku hizi kila ukifungua simu kuna mtu anasema ukifumba macho ukaiona nyumba, nyumba inakuja. Mabinti zetu wanasikiliza hayo usiku kucha. Wewe una miaka kumi ya sanduku, seme ulichokiona. Basi nitasema nilichokiona, na kingine ni cha aibu kwangu mwenyewe.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2015, chini ya mwembe ule uliokuwa nyuma ya ghala. Tulikuwa wanawake 22. Hatukuwa na sanduku bado, tulikuwa na ndoo ya rangi yenye mfuniko. Mwalimu wetu wa vikundi alikuja na karatasi na kalamu za rangi za watoto. Akasema, kabla ya kununua hisa hata moja, kila mtu achore anachotaka kukiona kwake. Tukaona kama anatufanya watoto wa chekechea. Wengine hawakuwa wameshika kalamu tangu waache shule, na wengine shule hawakuiona kabisa. Lakini tukachora.

Mimi nilichora mlango. Nyumba nilikuwa nayo, ya udongo, ila mlangoni nilikuwa nimening'iniza pazia la gunia, na usiku nilikuwa nasukumia kinu. Nikachora mlango wa mbao wenye kufuli kubwa kuliko mlango wenyewe. Mwenzangu mmoja alichora mbuzi akaonekana kama kiti. Mwingine alichora msichana amevaa sare, na yule msichana leo ni muuguzi. Karatasi zile tukazikunja, na sanduku lilipopatikana tukaziweka chini kabisa, fedha zikakaa juu yake.

Sasa nisikilizeni habari ya mama wa bati. Simtaji jina maana hapendi, na ananiangalia kwa jicho kali hapo alipo. Yeye alichora paa la bati. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na mvua za masika alikuwa anahamisha kitanda mara tatu kwa usiku mmoja. Mwalimu akamwuliza, bati ngapi? Hakujua. Akamwambia nenda kapime, wiki ijayo uje na jibu. Akaenda, akamwita fundi, akarudi na jibu kwamba ni bati 24. Bei dukani wakati ule ilikuwa shilingi elfu kumi na tano hivi kwa bati moja. Hisa yetu ilikuwa shilingi 1,000, na kwa kanuni yetu mtu ananunua hisa moja hadi tano kwa wiki. Yeye akasema kwa biashara yangu ya vitumbua naweza hisa tatu. Tukamhesabia: wiki tano, bati moja. Wiki 120, paa zima.

Mnajua alifanya nini? Akachora kwa mkaa vijistari 24 ukutani kwake, juu ya kitanda. Mgao wa kwanza akanunua bati 10, akafuta vijistari 10. Mgao wa pili, kwa sababu faida ya mikopo ilikuwa nzuri, akanunua 11. Tatu za mwisho alizipata kwa kuuza kuku. Siku fundi anapigilia msumari wa mwisho alituita tukae ndani tusikie mvua inavyolia juu ya bati. Mvua yenyewe haikunyesha siku hiyo, tukanywa chai tukarudi.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba picha ina nguvu, sibishi. Nimeiona. Lakini picha ya mama huyu ilikuwa na hesabu chini yake, na kila Alhamisi alikuwa anailipia.

Sisi watu wa huku tunajua habari za moyo tangu zamani. Mji wetu wa Bagamoyo wenyewe jina lake wazee wanalieleza kwamba ni "bwaga moyo". Wapo wanaosema ni watumwa waliobwaga moyo pale pwani, walipoiona bahari wakajua hawarudi tena kwao. Wapo wanaosema ni wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora na pembe za ndovu mabegani, wakifika pale wanabwaga mzigo na moyo unatulia. Jina moja, mioyo miwili tofauti. Mimi sijui nani kasema kweli. Ila nawaza kwamba wote walipita njia moja, wakaiona bahari moja, na aliyefungwa mnyororo hata angewaza mazuri namna gani, mnyororo ulikuwa palepale. Hilo nitalirudia.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mwaka 2018 alifika hapa Msata mtu mmoja wa semina. Jina lake silitaji wala alikotoka. Suti nzuri, maneno matamu. Mimi ndiye niliyemkaribisha kwenye kikao, kwa hiyo lawama ya kwanza ni yangu. Akatufundisha kufumba macho na kuona. Ona gari. Ona nyumba ya vigae. Akatukataza kutamka neno "shida" hata nyumbani, eti ukilitamka unaliita. Akatuambia tushukuru kwa kitu ambacho bado hatujakipata, kama vile tumeshakipata. Mpaka hapo hakuna aliyeumia, na kusema kweli wengi tulitoka tumechangamka. Siku ya pili akasema mawazo peke yake hayatoshi, lazima upande mbegu. Mbegu ni fedha, unampa yeye, na ukubwa wa mbegu ndio ukubwa wa mavuno.

Mimi nilitoa shilingi 50,000. Wapo wengine walitoa. Mwenzetu mmoja alikuwa amekopa kwenye sanduku shilingi 300,000 za mtaji wa sabuni na mafuta. Akazitoa zote.

Miezi mitatu ikapita. Yule bwana simu haipatikani. Mwenzetu akaja kikaoni, hana rejesho. Na mimi, mwenyekiti wenu, nikasimama mbele ya watu nikamwambia, dada, wewe ulipanda kwa mashaka, ndiyo maana. Nilisema hivyo. Nilikuwa bado nimeamini, au nilikuwa naogopa kukubali kwamba na mimi nimeliwa. Tofauti yetu ni moja tu, kwamba mimi mwezi ule nilikuwa nimeuza mananasi, nikaziba pengo langu na hakuna aliyejua. Yeye hakuwa na cha kuzibia. Tukakata hisa zake, kanuni inaruhusu. Tukamtoza faini za kuchelewesha, zikafika shilingi 60,000. Akalipa yote kwa kulima vibarua. Alipomaliza akasema ahsanteni, akaondoka, hakurudi tena.

Ndugu wageni, maneno ya namna ile ni mabaya kwa sababu hayana mlango wa kutokea. Ukipata, ni kwa sababu uliamini. Ukikosa, ni kosa lako hukuamini vizuri. Mwalimu hakosei hata siku moja. Nimeambiwa mafundisho yenyewe si mapya. Huko Marekani mchungaji mmoja, Norman Vincent Peale, aliandika kitabu cha nguvu ya kuwaza mema mwaka 1952, na baada yake wamekuja wengi sana.

Binti yangu aliyesomea ualimu alinitafutia waliofanya utafiti akanisomea kwa Kiswahili, taratibu, nimo jikoni. Yupo mwanasaikolojia Mjerumani, mama, anaitwa Gabriele Oettingen. Yeye na mwenzake walichapisha mwaka 1991 utafiti juu ya wanawake waliotaka kupunguza uzito. Wale waliotarajia kwamba wataweza, walipungua zaidi. Lakini wale waliokuwa wakijiona kichwani wameshakuwa wembamba, wanapendeza, wanasifiwa, wakapungua kidogo kuliko wenzao. Nikamwambia soma tena hapo. Kutarajia na kuota si kitu kimoja. Mwenye kuota ameshakula utamu wake, sasa kazi ataifanya ya nini? Mama huyo katika kazi zake za baadaye akawafundisha watu waone wanachokitaka, halafu hapo hapo waone kitakachowazuia kilichomo ndani yao, na wapange mapema: kikitokea hiki, nitafanya hiki.

Na nikacheka maana mwaka huohuo 1991 ndipo akina mama wa Maradi, nchi ya Niger, walipoanza na shirika la CARE mtindo huu wa vikundi vya hisa ambao baadaye ulifika nchi nyingi za Afrika pamoja na yetu. Mama wa Kijerumani anaandika vitabu, akina mama wa Maradi wanahesabu sarafu, na hawajuani.

Kuna na wa karibu, hapa Kenya magharibi. Watafiti wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walikwenda kwa watu wa vikundi vya upatu wakawapa wengine kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo, na kila mtu akasema anaweka kwa ajili ya kitu gani cha afya, iwe chandarua au dawa ya maji. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Waliopewa kisanduku tu, ufunguo mkononi mwao, waliweza kutumia kwa afya zaidi ya wasiopewa, na ziada yenyewe inapita nusu. Kisanduku chenyewe hakina riba, hakina muujiza. Ila jirani akija kuomba, unaweza kumwambia kwa ukweli kwamba hizi zina kazi yake.

Basi mwaka 2019 tulizitoa karatasi zile chini ya sanduku. Nyingine zimeliwa na mende. Tukagawa mpya, na safari hii tukasema: upande wa mbele chora unachotaka, upande wa nyuma chora kitakachokuzuia. Hapo ndipo kulipokuwa na kazi. Upande wa mbele watu walimaliza haraka, upande wa nyuma kimya.

Mmoja akachora mwanamke mwenye mkoba mkubwa. Tukauliza huyu nani? Akasema ni wifi yangu, akija haondoki bila kukopa, na halipi. Tulicheka mpaka machozi. Wakati wa kupanga akasema: akija Jumamosi atakuta fedha zimeshaingia sandukuni Alhamisi, nitampa unga na mboga, nimsindikize mpaka stendi. Mwingine akachora mtoto kitandani, maana masika kwake ni malaria. Yeye akapanga kununua dawa na chandarua Februari, kabla. Mwingine akajichora mwenyewe amevaa kanga. Akasema kikwazo ni mimi, nikiona doti mpya sijiwezi.

Na mmoja akachora chupa, na pembeni mwanaume. Hapo hatukucheka. Ilibidi tumsaidie kwa vitendo, tukakubaliana vitabu vya hisa vya wote vibaki sandukuni, visiende nyumbani, ili asionekane ni yeye peke yake. Mpaka leo vinabaki sandukuni na sasa mnajua kwa nini.

Lakini jamani, tusidanganyane, upande wa nyuma nao hauna uganga. Mwenzetu mmoja alikopa akapanda mananasi. Nanasi si mchicha, unangoja mwaka mmoja na nusu hivi. Aliona mbele, aliona nyuma, alipanga kila kitu. Mananasi yakaiva pamoja na ya watu wote, bei ikaanguka, mengine yakaozea barabarani pale magari yanapokata kona ya kwenda Bagamoyo. Lami ya kilomita 64 ipo, magari ya Tanga na Arusha yanapita, na nanasi linaoza. Safari hii hakuna aliyesimama kumwambia alikuwa na mashaka. Tulimwongezea muda wa kurejesha, na mfuko wa jamii ukampa cha kuanzia. Mawazo hayapangi bei ya sokoni. Mnakumbuka yule wa mnyororo niliyemtaja.

Nije kwenye shukrani, maana muda unakwenda na pilau naisikia harufu.

Kila kikao chetu tunafungua kwa dua, kisha kila mtu anatoa shukrani moja. Kanuni yake ni kwamba shukrani lazima iwe na mtu na tendo. Kusema namshukuru Mungu kwa uzima, ni vizuri, hayo tumeshayasema kwenye dua. Hapa sema: namshukuru jirani yangu wa kushoto aliyenichotea maji siku tatu nilipokuwa nauguza. Binti yangu alinisomea pia kwamba Wamarekani wawili, Emmons na McCullough, mwaka 2003 walionyesha kuwa watu walioandika kila wiki mambo wanayoyashukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioandika kero zao. Naamini. Ila kwetu nimeona na jingine: aliyetajwa hachelewi kuja kikao kijacho. Na wewe uliyemtaja unakumbuka kwamba una deni la maji ndoo sita.

Hata hivyo shukrani nayo tuliitumia vibaya. Kuna siku hesabu ilipungua shilingi 18,000. Mwanachama mmoja akauliza ziko wapi. Akajibiwa, wewe mama una roho gani, wenzako wanashukuru wewe unauliza! Tukasimamisha kikao. Fedha zilipatikana, zilikuwa zimeandikwa ukurasa mwingine. Tangu siku ile tukaandika kwenye katiba: shukrani mwanzo, hesabu baadaye, na swali la hesabu halijibiwi kwa shukrani.

Ni hivyo hivyo na mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, si zawadi ya mtu. Ni sheria ya nchi. Ilisimamishwa mwaka 2023, na ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Bibi Maendeleo tunakushukuru kwa jina na kwa tendo, kwamba ulikuja kwa miguu wakati pikipiki imeharibika ukatujazia fomu. Na papo hapo tunakuuliza mbele ya Mgeni Rasmi, fomu zetu zimefika wapi? Msikasirike, ndiyo kanuni yetu.

Vilevile usajili wetu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 unao, cheti kipo mezani, wageni mnaweza kukiona.

Ndugu wanachama, la mwisho nililonalo halimo kwenye ratiba, na katibu ataniwia radhi.

Yule mwenzetu aliyeondoka, picha yake ya kwanza bado ipo. Nimeikuta wiki iliyopita tulipokuwa tunasafisha sanduku kwa ajili ya sherehe. Amechora cherehani. Mende hawakuigusa. Juzi nilikwenda kwake na karatasi hiyo, nikakaa kwenye kigoda, nikamwomba radhi kwa maneno yale niliyosema. Hakunijibu mengi. Alinipa chai. Aliitazama karatasi akasema gurudumu amelichora vibaya. Nikamwambia leo ni sherehe, akasema ataona. Sijui kama amekuja. Kama yuko nje kwenye kivuli, naomba asiitwe wala asinyooshewe kidole, mwacheni akae anapotaka.

Mkopo aliukopa na aliulipa, hilo halina mjadala. Lakini faini ya shilingi 60,000 tulimtoza kwa kosa ambalo mimi niliwaleteeni mlangoni. Sina mamlaka ya kuirudisha peke yangu, fedha ni za kikundi. Naleta hoja irudishwe, na shilingi 50,000 za kuongezea nitatoa mimi, ni sawa na zile nilizompa yule bwana wa suti. Anayepinga ana haki ya kupinga na atasikilizwa.

Kwa hiyo baada ya chakula wanachama tubaki. Washika funguo wote watatu msiondoke, na mweka hazina aje na daftari la mwaka 2018.